Herufi B ya Baba

Duka la Vallabhdas,
Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
17 Novemba 2002.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Hii shikamoo ina herufi nane na nimeziandika zote mwenyewe, moja baada ya nyingine, kwa kalamu ya wino wa bluu kama ulivyoagiza. Hujambo? Mgongo unaendeleaje, na lile jicho la kushoto daktari amesema nini? Nauliza kwa sababu nataka kujua, si kwa sababu hapa ndipo mahali pa kuuliza. Mama naye hajambo? Mimi mwili hauna neno, namshukuru Mungu, ila tangu nisome barua yako chakula hakipiti. Mwanamkuu, mwenzangu wa kazini, ambaye yuko kwenye mfungo, ananitania kwamba Ramadhani ya mwaka huu Mlutheri anafunga kuliko yeye.

Barua yako niliipata wiki mbili zilizopita, pamoja na zile zangu mbili za Oktoba ulizonirudishia zikiwa zimechorwa wino mwekundu kama daftari la mtoto wa darasa la nne. Umeniuliza maswali mawili. La kwanza, imekuwaje barua zangu ishirini na sita, ambazo umezipanga mezani kwa tarehe, zina ukurasa wa kwanza mmoja, karibu neno kwa neno, mpaka koma. La pili, imekuwaje mwezi wa kumi nimsalimie Bibi Elieshi, mama yako mzazi, na kumhimiza apunguze ugoro, wakati mimi mwenyewe nilitupa udongo kaburini kwake mwezi wa tano. Ukamalizia kwamba mpaka nijibu kwa mkono wangu, bila mashine, Krismasi nisikanyage Machame. Baba, adhabu zako nimezipokea zote tangu utotoni, hata zile zilizokuwa za kaka zangu. Hii siiwezi. Ndiyo maana leo Jumapili nimekaa chumbani kwangu tangu nitoke kanisani, nakuandikia, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujasema lolote.

Unajua kwamba hapa dukani tunawapigia watu chapa: kadi za harusi, matangazo ya misiba, maombi ya kazi, barua za kila aina. Mzee Vallabhdas, mwenye duka, ni mtu mwema lakini hawezi kuupita mtumba akauacha. Tangu biashara ifunguliwe na makontena yaanze kumiminika, kila kilichotupwa Ulaya anakiona dhahabu. Miaka miwili na nusu iliyopita akaja na kompyuta iliyokuwa ya ofisi fulani Ujerumani, na kibodi yake ya Kijerumani. Najua wewe unawaheshimu Wajerumani kwa sababu ndio waliombatiza babu, lakini Baba, wamekosea mpangilio. Z wameiweka kwenye kiti cha Y, na Y kwenye kiti cha Z. Wiki ya kwanza, kabla vidole vyangu havijazoea, tulimwoza Bi Yawadi kwa Bwana Zusufu, kadi mia mbili. Na kile kitufe cha kuandikia herufi kubwa hakina neno lolote, kina mshale tu unaotazama juu. Huo mshale naomba uukumbuke, una kesi yake.

Mwezi wa pili tangu ifike, kipanya kikafa. Kipanya ni kile kidude cha kusogeza mezani kwa mkono ili kuielekeza kompyuta, na chetu kiliuawa na vumbi la Kariakoo. Hapo akaingilia kati Gaurav, mtoto wa Mzee, aliyekuwa ametoka masomoni India. Akasema kipanya ni cha wavivu. Akafuta kila kitu kilichokuwamo ndani ya kompyuta, akaweka mfumo mwingine, na ndani ya mfumo huo akaweka programu aliyotutambulisha kwa jina la meneja wa madirisha. Mzee Vallabhdas alishtuka. Akauliza ni madirisha gani, wakati duka lina dirisha moja na hilo moja lina nondo, na huyo meneja ameajiriwa na nani. Mama Jashoda, mkewe, ambaye hututumia chakula cha mchana kutoka jikoni kwake Upanga, alipopata habari alituma mtu kuuliza kama meneja anakula vitunguu.

Nikueleze ilivyo. Kila kazi unayoifungua kwenye kompyuta inatokea ndani ya kiboksi, na kiboksi hicho ndicho dirisha. Meneja ndiye anayeyafungua, kuyafunga na kuyapanga. Unakumbuka ile rimu ya lori uliyoitundika pale shuleni: ikigongwa mara moja, mstarini, mara mbili, darasani, mfululizo, nyuki wameingia. Meneja anaongozwa hivyohivyo. Unabonyeza kitufe kinachoitwa Alt pamoja na herufi fulani, naye anatii bila kuuliza. Na maana ya kila herufi imeandikwa kwenye faili moja la maandishi ya kawaida, mstari kwa mstari: kikibonyezwa hiki, fanya hiki. Ukiubadili mstari, umeibadili sheria. Baba, mimi nimekulia kwenye nyumba ambayo sheria zote zilikuwa zako. Hebu fikiria nilivyofurahi.

Nilianza kwa adabu. Nikaweka Alt na H ifungue ukurasa wa kadi ya harusi. Asubuhi nikakuta Mwanamkuu ameibadili, H ni hitima. Nikairudisha. Akaibadili. Mama mmoja wa Mchikichini alikuja kuangalia kadi ya mwanawe, nikabonyeza H kwa mbwembwe, akatokewa na hitima. Ilibidi tumkalishe, tumpe soda. Gaurav akatupatanisha kwa kutuandikia orodha kwenye kadibodi na kuibandika ukutani, Mwanamkuu apewe H, mimi nichukue N ya ndoa. Ile herufi ya Kijerumani yenye vidoti viwili juu, ambayo hakuna mtu Kariakoo anayejua inasomekaje, tukaitengea wateja wanaofika dukani bila kujua wanataka nini. Ndiyo iliyochakaa kuliko zote.

Uzuri mwingine wa meneja ni kwamba kwenye kioo kimoja anakupa meza nne, na unayoiona ni moja tu. Meza ya kwanza tuliiacha ya wateja. Ya tatu ilikuwa yangu, ya mambo yangu. Nikaandika mstari mmoja mtamu sana kwenye faili: Alt na V. V ya Vallabhdas. Mzee akitokea mlangoni, nabonyeza V, meza yangu inazama na ya wateja inaibuka, nami nimekunja uso nafanya kazi. Akiondoka, nabonyeza V tena narudi nilikokuwa. Mwaka mzima Mzee aliwaambia wenzake sokoni kwamba hajawahi kunikuta nimekaa bure. Hapo Baba nakiri, na najua hulipendi hilo.

Sasa kuhusu kunakili. Wateja wengi waliokuja kuandikiwa barua za nyumbani walikuwa wakisema habari zao kwa dakika mbili, lakini salamu zinachukua nusu saa, na salamu za wote ni zilezile. Nikatengeneza ukurasa mmoja wa salamu, nikaupa herufi S. Watu waliupenda. Kondakta mmoja alisema mama yake hajawahi kupata salamu nzito namna ile. Nilipoona zinafaa kwa akina mama wa watu, nikajiuliza mbona zisifae kwetu. Nikatengeneza ukurasa wako mwenyewe: shikamoo, mgongo wako, magoti ya Mama, jina la mchungaji, ng'ombe, migomba, na Bibi na ugoro wake. Nikaupa herufi B. B ya Baba.

Kila mwezi nilibonyeza Alt na B, ukurasa wa kwanza unatokea umejaa, mimi naongeza habari chini yake. Nilitegemea utagundua mwezi wa pili. Badala yake ukanirudishia barua imeandikwa tisa juu ya kumi, na maneno kwamba salamu zangu zimekomaa. Mwezi wa sita ukaniarifu kwamba unawasomea wazee wa usharika baada ya ibada ili wajue kwamba Dar haijamharibu kila mtoto. Baada ya hapo ningeanzia wapi kusema? Na kwa heshima zote, Baba, ni nani alituandikia salamu za barua ubaoni, darasa la nne, akatuamuru tuzinakili kama zilivyo, na aliyebadili hata neno akachapwa? Mimi nilibadili nikachapwa. Nilijifunza.

Siku ya mkosi ilikuwa Jumanne ya katikati ya Oktoba. Nilikuwa mezani kwangu, yaani ile ya tatu, nimebonyeza B, barua yako imetokea, nimeongeza habari za mafuriko ya Jangwani na za kodi ya chumba changu. Kabla sijaisafisha, Mzee akaingia. Nikabonyeza V. Akanituma Upanga nikapeleke kadi za uchumba wa binti anayeitwa Charmi, jirani yake. Mwanamkuu alikuwa ameenda kuswali adhuhuri. Mzee akabaki peke yake na kompyuta, na kumbe Gaurav alikuwa amemwambia kwamba ni aibu mwenye mashine kutoweza kuandika hata jina lake juu yake.

Akakaa. Alitaka V kubwa ya Vallabhdas. Akatafuta kitufe cha herufi kubwa. Kile chenye mshale hakikumwambia kitu, akachagua chenye neno analoweza kulisoma, yaani Alt. Akabonyeza Alt, akabonyeza V. Duka lake likazama mbele ya macho yake, ikaibuka meza yangu, na juu ya meza barua ya kwenda kwako, ikimsalimia Bibi Elieshi na kumwombea kifua chake kipone.

Baba, huyu ndiye mtu aliyenipa ruhusa ya siku tano mwezi wa tano nikamzike Bibi Elieshi. Alinifungia na rambirambi kwenye bahasha, na mkewe akanifungia chakula cha safari. Sasa anamwona marehemu anakohoa. Akamwita Gaurav, akamwamuru aitoe ile barua kwenye printa, akaitia kwenye bahasha, akaiandika anwani yako ambayo anaijua kwa sababu barua zako zote hupitia kwenye sanduku lake, akaipeleka posta kwa miguu yake. Hoja yake ilikuwa kwamba kama bibi yu hai, majibu yatasema. Hakuniambia kitu. Mimi niliporudi nikaikuta barua palepale mezani, nikaisafisha, nikaituma Alhamisi. Hivyo ndivyo ulivyopata mbili, moja Bibi anahimizwa kupunguza ugoro na nyingine hayupo, ukadhani nimerukwa na akili katikati ya wiki.

Basi kuanzia siku ile Mzee akawa kila asubuhi ananiuliza Bibi hajambo. Nilidhani ni Kiswahili chake, kwamba anataka kunipa pole kwa mara nyingine, nikawa namjibu kwa upole kwamba Bibi amepumzika. Naye anatikisa kichwa, anasema aa, anapumzika, vizuri, mtu mzima lazima apumzike. Tulikwenda hivyo wiki mbili. Nikaanza kumwonea huruma, nikamwambia Mwanamkuu kwamba Mzee ana moyo laini sana. Mwanamkuu akasema mbona anakuangalia kama mwizi wa kuku.

Barua yako ilipofika hakunipa mkononi hivihivi. Alinisimamisha mbele ya kaunta, Gaurav yupo, Mwanamkuu yupo, wateja watatu wapo, akaniamuru niifungue na niisome kwa sauti, maana leo tutajua bibi yuko wapi. Nikasoma. Salamu zako ni fupi, nikafika haraka pale unapoandika kwamba Bibi ninayemsalimia tulimzika pamoja Jumamosi tarehe kumi na moja Mei. Mzee Vallabhdas akakaa juu ya boksi la karatasi. Akaniomba radhi mbele ya watu wote, kwa Kiswahili, halafu kwa Kigujarati, na kesho yake Mama Jashoda alinitumia bakuli la vitafunio vya chevda na ujumbe kwamba amemsema mumewe mpaka amekosa usingizi. Kazi yangu ikapona pale pale. Mwanamkuu akapiga vigelegele. Lakini mimi nilikuwa bado nasoma, kimoyomoyo, na sentensi ileile iliyoniokoa Kariakoo ndiyo iliyokuwa inanifukuza Machame.

Watu wa dukani walinishauri nikujibu kwamba ni kosa la mashine. Gaurav alijitolea kukuandikia yeye mwenyewe, kitaalamu, akueleze kwamba meneja wa madirisha hutii tu amri, kwamba ukurasa wa B ulitengenezwa Bibi akiwa hai na hakuna aliyekumbuka kuubadili. Ni maelezo mazuri na ungeyakubali. Nilishaanza hata kuyanakili. Kisha nikachana karatasi, kwa sababu si kweli.

Ulipoandika kwamba umeuza yule ng'ombe mwekundu, nilimtoa kwenye ukurasa siku hiyohiyo. Mchungaji alipohamishwa, nilibadili jina lake kabla hata hajafungasha. Faili lile nalijua mstari kwa mstari kuliko ninavyoijua Katekisimu, na niliyezoea kulirekebisha ni mimi. Hakuna kilichosahauliwa. Niliporudi kutoka mazikoni, siku ya kwanza kazini, nilifungua ukurasa wa B nimtoe Bibi. Nikafika kwenye jina lake. Nikaweka kidole juu ya kitufe cha kufutia. Baba, sikuweza. Nikasema nitamfuta kesho, na kesho yake nikasema hivyohivyo.

Msibani hukuniona nikilia. Uliwaambia watu kwamba mji umenikomaza, nami nikajikaza zaidi ili nisikuaibishe. Nikaubeba msiba wangu mzima mpaka Mtaa wa Sikukuu. Tangu hapo, kila nikibonyeza Alt na B, Bibi anatokea pale katikati ya ukurasa, anakohoa, hasikii la mtu, na mimi namwambia apunguze ugoro. Nakaa naye kidogo. Halafu namfuta kwenye barua ile moja, ili wewe usiumie, lakini kwenye ukurasa wenyewe namwacha, ili mwezi ujao nimkute. Juni nilifanya hivyo, Julai, Agosti, Septemba. Oktoba Mzee akaniwahi. Huko ndiko kulikuwa kuisafisha barua nilikokutajia. Hata Mwanamkuu hajui; aliwahi kuniuliza mbona najisumbua kufuta kila mwezi kitu ambacho ningekifuta mara moja, nikamwambia nasahau.

Kwa hiyo majibu yangu ni haya. Swali la kwanza, nilinakili, na nina hatia. Barua zako kuanzia leo nitaziandika kwa mkono, salamu na vyote, hata kama zitakuwa fupi na mbaya. Swali la pili, nilijua. Nilijua kila mara. Nilimsalimia Bibi si kwa sababu nilisahau kwamba amekufa.

Mpaka leo bado yumo. Wewe ndiye mwanawe na neno lako ndilo la mwisho. Ukisema nimfute, nitamfuta. Lakini sitaki amri hiyo kwa barua. Nimeshakata tiketi ya tarehe ishirini na mbili Desemba. Nifungulie mlango, unikalishe mbele yako, uniambie kwa kinywa chako mwenyewe kwamba jina la mama yako lifutwe. Ukiweza kulisema, Baba, nami nitaweza.

Msalimie Mama na umwambie magoti ayapake ile dawa kweli, asiiweke kabatini. Wasalimie wazee wa usharika, na uwaambie ukweli wote au usiwaambie kitu, utakavyoona. Mwanamkuu anakuamkia. Mzee Vallabhdas naye anakusalimu sana, na ameniomba nikuandikie kwamba anasikitika kwa kifo cha mama yako, mara ya pili.

Ni mimi mwanao,

Joyceline